Mtaro wa Teunis Ruiter

Katika kijiji cha Wijdeham mtu aliweza kusamehewa karibu kila kitu. Mwalimu mkuu alitoroka na mke wa mwoka mikate, na haikupita miaka mingi wote watatu walikuwa wakikaa benchi moja kanisani. Mchungaji mmoja alihubiri asubuhi nzima juu ya nabii ambaye hayumo katika Biblia, watu wakasema huenda alikuwa na toleo jipya. Kitu kimoja tu hakikuwa na msamaha, nacho ni mtaro mchafu.

Kijiji kizima kiko chini ya bahari. Bahari yenyewe iko nyuma ya tuta, juu kidogo ya vichwa vya ng'ombe, haina haraka. Mvua ikinyesha, maji hutoka shambani yakaingia mtaroni, yakatoka mtaroni yakaingia mferejini, kisha pampu huyarudisha yalikotoka. Mtaro wa mmoja ukiziba, jirani yake hulala na vyura. Ndiyo maana kila Novemba wajumbe wa Bodi ya Maji hutoka kwa miguu, makoti meusi, viatu vya mbao, kila mmoja na fimbo yake ndefu, wakapita mtaro kwa mtaro. Wakikuta matete yamesimama ndani ya maji, mwenye shamba huitwa mbele ya bodi. Akishaitwa, mkewe huanza kununua sukari kijiji cha pili.

Duifje Turksma aliyajua haya kabla hajajua kusoma sawasawa. Aliletwa Wijdeham kutoka Amsterdam mwaka wa 1942, akiwa na miaka saba, chini ya turubai la gari la maziwa. Mama yake alimfunga vifungo vya koti kwa haraka, akaruka kifungo kimoja, na Duifje alisafiri njia nzima na koti lililopinda. Alipofika hakukubali mtu alinyooshe. Baba na mama walipandishwa treni ya kwenda Sobibor, kambi ambako Wajerumani waliwaua Wayahudi. Habari hiyo ilimfikia baadaye sana, na aliipokea akiwa amekwisha kuijua.

Waliompokea ni Teunis Ruiter na mkewe Neeltje, watu wasio na mtoto, wenye ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Teunis alikuwa mjumbe wa Bodi ya Maji, cheo ambacho Wijdeham kilishinda cha daktari. Mtoto aliambiwa kwamba tangu siku ile jina lake ni Aaltje, ni mpwa wa Neeltje kutoka Rotterdam, na nyumba yao ililipuliwa kwa mabomu. Aliambiwa pia kwamba Teunis ni mjomba, Neeltje ni shangazi, na maziwa hayaachwi kikombeni.

Majirani waliamini habari ya Rotterdam, au waliamua kuiamini, jambo ambalo lilitaka moyo zaidi. Shida ilikuwa misako. Watu wenye busara walificha watu darini. Wajerumani nao walikuwa na busara, kwa hiyo walianzia darini. Teunis alilifikiria jambo hilo majuma kadhaa, kisha akachimba shimo kwenye ukingo wa mtaro wake wa nyuma, juu kidogo ya maji, akalitandika mbao na gunia. Mbele ya shimo yalikuwa matete. Yakiwa marefu, hapakuonekana kitu. Yakifyekwa, hata kipofu angeona.

Basi Teunis Ruiter, mjumbe wa bodi, mwana wa mjumbe, mjukuu wa mjumbe, hakufyeka mtaro wake.

Novemba ya 1943 ukaguzi ulipita. Bodi ikamwita. Kati ya wajumbe saba kulikuwa na mmoja aliyekuwa akinywa kahawa na maofisa wa Kijerumani, kwa hiyo Teunis alipoulizwa sababu alisema, "Sikupata nafasi." Wijdeham mtu angejitetea vizuri zaidi kwa kukiri wizi. Ujumbe wa bodi ulikuwa wa maisha, ukikoma kwa kifo, kwa hiari au kwa aibu, na hadi siku ile haukuwahi kukoma kwa aibu. Walimvua cheo kwa kauli moja. Ukumbini kulikuwa na ubao mkubwa wenye ngao za wajumbe wote tangu zamani, kila ngao na jina lake. Ya Teunis ikapakwa rangi ya kijivu. Mtaro wakauacha hivyo hivyo, ili wapita njia waone.

Kwa kuuacha, walimwokoa mtoto. Hawakukusudia.

Vita vilipokwisha, Shangazi Bet, dada wa baba yake na mtu wa pekee wa ukoo aliyebaki, alikuja kumchukua Duifje kwenda Utrecht. Teunis alifyeka matete juma lile lile. Kijiji kiligundua kwamba mpwa wa Rotterdam hakuwa mpwa wala hakuwa wa Rotterdam, kikafurahi kwa dhati, kikampelekea Neeltje keki. Kila mtu alidhani wakati wa misako mtoto alifichwa darini. Hakuna aliyemwuliza Teunis juu ya mtaro, kwa sababu jambo la aibu haliulizwi, naye hakusema, kwa sababu hakuulizwa. Hivyo ndivyo watu wema kabisa waliishi miaka thelathini na mitano bega kwa bega na kosa.

Duifje alisoma sheria. Shangazi Bet alitaka awe mshonaji, kwa hoja kwamba sindano unaweza kukimbia nayo. "Sheria utaibebea wapi?" aliuliza. "Ile ya kwanza iliandikwa na wenye koti zuri, ikatufukuza sisi Wayahudi hata kwenye bustani za mji."

"Ndiyo maana nataka niwe chumbani inapoandikwa," alisema Duifje.

Alifungua ofisi ya uwakili Alkmaar, karibu na soko la jibini. Wateja wake wa kwanza walikuwa wakulima, na wakulima wa huko hushtakiana juu ya mitaro kama watu wa kwingine wanavyoshtakiana juu ya mirathi. Walimwendea kwa shaka. Mawakili wengine walichora ramani. Yeye aliomba viatu vya mpira. Aliwahi kuteremka mtaroni na joho lake jeusi, akapima kina kwa mguu, akamwambia hakimu aliyekuwa kasimama ukingoni, "Mheshimiwa, mlalamikaji anasema maji hayapiti. Mimi yamenipita." Alishinda. Joho halikurudi rangi yake tena, naye hakununua lingine.

Baadaye alikaa miaka kadhaa akiwa hakimu wa watoto, na huko alijulikana kwa tabia moja: hakuwahi kumwamrisha mtoto avue koti. Akaingia baraza la mkoa. Na mwaka wa 1978 serikali ya Malkia ilimteua kuwa Mkuu wa Matuta, yaani mwenyekiti wa Bodi ya Maji ya Wijdeham, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho. Magazeti ya mkoa yaliuliza wakili wa mjini anajua nini juu ya mitaro.

"Naijua kwa ndani," alijibu, wakadhani anatania.

Siku ya kwanza ukumbini aliletewa kahawa na biskuti moja. Kopo la biskuti likafungwa papo hapo, kama desturi ilivyo, hata kwa wakubwa. Alikuwa akitafuna huku anasoma majina ya ubaoni alipoona katikati ya ngao za rangi doa la kijivu.

"Hilo ni nini?"

Aliyejibu ni Gerbrand Stoop, mjumbe mkongwe kuliko wote, mrefu, mkavu, mtu aliyeijua kanuni ya bodi kwa moyo na kuisoma kwa kujiburudisha. "Hilo ni Ruiter, Bi. Mkuu."

"Teunis Ruiter? Kwa nini?"

"Mtaro," alisema Stoop, akashusha sauti kama mtu anayetaja ugonjwa mbele ya watoto.

Duifje aliweka biskuti chini. Alikuwa amemtembelea Teunis kila mwaka tangu utotoni, kila siku ya kuzaliwa kwake, akakaa katika duara la viti pamoja na wageni wengine, akampongeza mzee na mkewe na ng'ombe wao. Kila mwaka mzee alimwuliza kama gari lake linatumia mafuta mengi. Juu ya cheo hakuwahi kusema neno. Duifje alidhani aliacha kwa hiari. Mtoto aliyefichwa hujua alikofichwa. Hajui nani alilipa, wala kwa fedha gani.

Alienda shambani siku ile ile. Teunis, sasa mzee wa miaka sabini na ushei, alikuwa akinoa fyekeo. Neeltje alimenya viazi.

"Mjomba, walikuvua cheo kwa sababu yangu."

"Walinivua kwa sababu ya mtaro."

"Na mtaro ulikuwa mchafu kwa sababu yangu!"

"Mtaro ulikuwa mchafu," alisema Teunis, kama mtu aliyefurahi kuona wamekubaliana. "Gari linakunywa mafuta?"

"Mjomba, usinizungushe. Nitalipeleka jambo hili bodini."

"Usifukue, Aaltje. Mimi nimezeeka, mambo yamekauka."

"Fukua," alisema Neeltje, kisu kikiwa hewani. "Yamekauka kwake yeye. Mimi miaka yote hii naingia dukani nikitazama viatu vyangu. Navijua viatu vyangu kuliko ninavyomjua mume wangu. Huyu bwana anapita ukumbini kila Jumapili anageuza uso, halafu anakuja hapa kuniambia mambo yamekauka! Fukua, mwanangu. Akinuna nitamnunisha zaidi."

Teunis alirudi kwenye fyekeo. Lakini Duifje aliona kwamba alikuwa akinoa upande ambao ulishakuwa mkali.

Shauri liliwekwa mwezi wa Oktoba. Duifje alijua bodi ile: ukiwaletea machozi watakupa leso, safi, iliyopigwa pasi, halafu watapiga kura dhidi yako. Na akishindwa, lile doa lingekuwa limepakwa mara mbili, safari hii na watu waliojua sababu. Alimwachia makamu wake kiti, akateremka upande wa waombaji, akavaa joho lake lenye rangi ya mtaro. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Neeltje alikaa mstari wa mbele na kofia mpya, akitazama mbele, viatu vyake vikipumzika.

"Waheshimiwa," alianza Duifje, "mwaka wa 1943 katika matete ya Teunis Ruiter kulikuwa na shimo. Katika shimo kulikuwa na mtoto. Mtoto huyo amewaandalia ajenda ya leo."

Wajumbe waliinua macho kutoka kwenye ajenda.

"Siku ya ukaguzi ule nilikuwa ndani. Tuliambiwa kuna msako kijiji cha pili, nikakimbilia shimoni, na badala ya Wajerumani mkaja nyinyi. Bwana Stoop, wewe ndiye uliyechoma fimbo kwenye matete. Ncha yake ilipita mbele ya pua yangu. Ulikuwa na mafua. Ulipiga chafya mbili, ukasema, 'Aibu tupu, Teunis,' halafu ukapiga ya tatu."

Stoop alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini polepole sana, ili kisitoe sauti. "Nilikuwa na mafua," alisema.

"Nilitamani kukuambia afya. Mama yangu alinifundisha hivyo."

Mtu mmoja nyuma alipenga kamasi. Stoop alisimama, uso umempauka. "Bi. Turksma, kama ningejua... Mungu anajua. Lakini hapa tunajadili mtaro. Kanuni inasema mtaro uwe safi ifikapo Novemba. Haisemi 'isipokuwa'. Nimeitafuta 'isipokuwa' hiyo jana kutwa nzima, kwa ajili yako, kurasa zote. Haimo. Bahari haiulizi sababu. Tukimwacha mmoja kwa sababu nzuri, mwakani watakuja kumi wenye sababu nzuri, na tutaogelea sote, sisi na sababu zetu."

Vichwa viliinama, vikakubali. Duifje aligeukia karatasi zake. Hoja za dharura alikuwa nazo, na kesi za kufananisha, lakini aliziona nyuso zile: zilisikitika, na zilikuwa zimefungwa kama kopo la biskuti.

Ndipo Teunis aliponyanyua mkono. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, nayo ilimkaba.

"Naomba kusema."

"Mjomba, kaa," alinong'ona Duifje.

"Gerbrand amesema kweli," alisema Teunis. "Mtaro ulikuwa mchafu. Mtoto anajitahidi kunisaidia, ni mtoto mwema, alikuwa hamalizi maziwa tu. Ila haki ni haki. Kama mtaro ule ungekuwa wa mwingine ningemfukuza mimi mwenyewe. Na ili msiseme nilionewa: kura ile ilikuwa ya kauli moja, na katika kauli hiyo nilikuwamo. Walipoulizwa nani anakubali Ruiter avuliwe, mimi pia nilinyoosha mkono."

"Teunis!" alimaka Neeltje. "Ulijipigia kura?"

"Ningefanya nini? Mtaro ulikuwa mchafu."

"Sanamu wewe! Miaka yote hii nakupikia!"

Watu walianza kucheka, kicheko cha watu walioshikilia pumzi muda mrefu. Duifje hakucheka. Alikuwa amesimama tuli, kama siku ile shimoni alipoona ncha ya fimbo ikipita. Halafu uso ukamfunguka taratibu.

"Mjomba, hebu rudia. Ulikuwa ukumbini wakati wa kura?"

"Kiti changu kile pale, karibu na dirisha."

"Hukutoka nje?"

"Kulikuwa na mvua."

"Na ulipiga kura."

"Nimesema nilipiga. Unanihoji kama mwizi."

Duifje aligeuka, akamtazama Stoop. Mzee yule aliyeisoma kanuni kwa kujiburudisha alikuwa amekwisha kufika mwenyewe, na kuwasili huko kulimtoa jasho.

"Kifungu cha tisa," alisema Stoop kwa sauti ndogo.

"Kisome, Bwana Stoop, tafadhali."

Hakufungua kitabu. "'Mjumbe mwenye shauri mbele ya bodi atatoka ukumbini, wala hatapiga kura katika shauri lake. Uamuzi uliofikiwa kinyume cha haya si uamuzi.'" Akameza mate. "Haisemi 'isipokuwa'."

"Kwa hiyo?"

Stoop alishika ukingo wa meza. Angeweza kusema ni jambo la zamani, au ni kura moja tu kati ya saba. Hata Duifje, wakili wa upande wa pili, aliona njia tatu nne za kutorokea. Lakini Stoop alikuwa mtu wa aina yake, na katika saa ile Duifje alimpenda karibu kama jamaa.

"Kwa hiyo hakuwahi kuvuliwa," alisema Stoop. "Uamuzi haupo. Ruiter ni mjumbe wa bodi hii. Alikuwa mjumbe jana, na mwaka wa mafuriko, na nilipokuwa nikimpita barabarani bila kumwamkia. Sisi ndio tuliokuwa tunakutana pungufu."

Ukumbi ulilipuka. Watu wa Wijdeham hawapigi makofi bodini, kwa hiyo walipiga viatu vya mbao sakafuni, jambo lenye kishindo zaidi. Teunis peke yake hakufurahi.

"Na mtaro?" aliuliza. "Hamwezi kuuacha hivi hivi. Shauri la mtaro bado lipo."

"Amesema kweli," alisema Stoop, akajifuta uso. "Lipo. Lipigiwe kura sasa, kwa utaratibu. Mjumbe Ruiter, toka nje."

"Kuna mvua."

"Toka nje, Teunis!" ilisema bodi nzima, na Neeltje akiwa wa kwanza.

Alitoka, akasimama barazani na suti yake. Ndani, makamu mwenyekiti aliuliza ni nani anayeona kwamba mtaro wa 1943 ulitunzwa inavyostahili. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Gerbrand Stoop, mrefu na mkavu. Mingine yote ikafuata. Kisha Stoop akaenda kumfungulia mlango yeye mwenyewe.

"Ingia, Mheshimiwa," alimwambia Teunis. "Unalowa." Na baada ya kufikiri akaongeza neno ambalo pengine lilimgharimu kuliko kura. "Aibu ilikuwa yangu."

"Ulikuwa na mafua," alisema Teunis, akaingia.

Mchoraji wa ishara kutoka Alkmaar alikwangua rangi ya kijivu. Chini yake ngao ilikuwa nzima, jina na yote, imehifadhiwa vizuri kuliko zile zilizopigwa na jua. Teunis aliitazama kwa muda, akasema imening'inia upande. Neeltje alinunua sukari duka la hapa hapa, kilo tatu, ingawa haitumii.

Novemba ilipofika, ukaguzi ulitoka kama kawaida: makoti meusi, viatu vya mbao, fimbo. Mbele alitembea Mkuu wa Matuta, Duifje Turksma, na kando yake mjumbe Teunis Ruiter, aliyekuwa na ukaguzi mwingi wa kufidia, akaufidia bila huruma. Kwa Stoop alitumia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakupata kitu, akasikitika. Mwishowe walifika nyumba ya tofali pembezoni mwa kijiji, ambayo Mkuu wa Matuta mwenyewe alikuwa amehamia wakati wa kiangazi. Nyuma yake palikuwa na mtaro mdogo. Teunis alisimama. Akachoma fimbo. Matete yakayumba.

"Mchafu," alisema.

Wajumbe walikohoa na kutazama mawingu.

"Mjomba," alisema Duifje, "mezani kwangu kuna pampu mbili mbovu, tuta la kaskazini, na baraza la mkoa linanipigia simu kila saa. Unajua vizuri kwamba..."

"Hukupata nafasi?"

Duifje alitazama viatu vyake.

Teunis aliinama kwa taabu, akayatenga matete kwa fimbo, akachungulia ukingoni kwa makini kabisa, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Kisha akajinyoosha.

"Kuna mtoto humu ndani?"

"Hakuna, Mjomba."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ametoka."

"Basi fyeka," alisema mjumbe Ruiter, akampa fyekeo lililonolewa pande zote mbili. Mkuu wa Matuta alivua koti lake, akakunja mikono, akateremka mtaroni mbele ya bodi nzima, ilhali Gerbrand Stoop amemshikia koti na, kwa mazoea tu, anahakikisha vifungo vyake vinalingana.